Uliza Mama Karani: Amri isiyo na saa haikusaidii

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa wazazi wasiokaa na watoto wao. Nimechagua nne. Kwa wasomaji wapya, mimi si wakili. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Mombasa mpaka nikastaafu, na kazi yangu ilikuwa kupokea makaratasi, kuita kesi na kugonga mihuri kwenye amri ambazo watu walitoka nazo wakidhani mambo yamekwisha.

*Shikamoo Mama Karani. Mimi ni dereva wa tuktuk, naishi Likoni. Nina binti wa miaka minne niliyezaa na dada mmoja wa Kisauni. Hatukuoana, tuliishi tu pamoja, mwaka jana tukaachana. Siku hizi nikipiga simu naambiwa mtoto amelala, hata iwe saa tano asubuhi. Juzi mjomba wake kaniambia nisikanyage tena kwao, ati mtoto ni wa mama kwa sababu sikutoa mahari na jina langu halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Pesa natuma. Nina haki yoyote au nimwachie Mungu? (Baba Asiye Chetini, Likoni)*

Marahaba mwanangu. Mengine mwachie Mungu, hili lina karatasi zake.

Mjomba anakusomea sheria iliyokwisha kufa. Zamani maneno yake yangekuwa na uzito. Sheria ya Watoto ya 2001 ilisema kwamba wazazi wasiooana, wajibu wa kulea ni wa mama kwanza, na baba ashughulike mwenyewe kuupata, kwa makubaliano na mama au kwa kwenda mahakamani. Katiba ya 2010 ikaja na Kifungu cha 53, kinachosema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wanabeba wajibu huo sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba vipengele vile vya 2001 vinapingana na Katiba. Hatimaye Bunge likaandika Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo. Sehemu ya 32 imenyooka: baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, hakuna mwenye dai kubwa kuliko mwenzake, awe mtoto wa ndani ya ndoa au wa nje. Mahari ni mazungumzo yenu na wazee. Kwa mtoto hayahesabiki.

Kuhusu cheti, pale pia mambo yamebadilika. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwa inazuia jina la baba asiye na ndoa kuandikwa mpaka wazazi wote wawili waombe pamoja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikakitupa kipengele hicho. Cheti kisicho na jina lako hakikufuti ubaba. Mama akikana kwamba mtoto ni wako, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha DNA. Akikubali, hakuna mjadala.

Sasa nikuambie lile usilopenda kusikia. Wajibu sawa si siku sawa. Mtoto wa miaka minne, tena aliyekuwa na mama yake muda wote, hakimu ana uwezekano mkubwa wa kumwacha hapo alipo. Mahakama ya Rufaa ilirudia mwaka 2016 kwamba watoto wadogo hubaki na mama isipokuwa kuna sababu ya pekee, kama vile mama kutotulia mahali pamoja, kuishi mahali pabaya mno, au kuolewa na mume mwingine. (Hiyo ya mume mwingine hunikera. Wanaume waliooa tena nimewaona wengi kizimbani, na sikumbuki wakiulizwa hilo kwa ukali ule.) Kwa hiyo usiende mahakamani kupigania mtoto ahamie Likoni. Utatumia pesa nyingi na utamfanya mama ajifunge zaidi. Wewe pigania siku zako, na upigane ziandikwe vizuri.

Hapa ndipo nataka unisikilize. Kwa miaka mingi nimegonga muhuri kwenye amri zilizosema baba "aruhusiwe kumwona mtoto kwa nyakati zinazofaa." Zinazofaa kwa nani? Baba anatoka kortini anacheka, amepiga simu kwa ndugu zake wote, ameshinda. Jumamosi anafika mlangoni anaambiwa leo haifai, kuna harusi. Jumamosi ya pili mtoto ana homa. Ya tatu mama hayupo na simu imezimwa. Akirudi kwa hakimu kulalamika, mama anasema kwa utulivu kabisa, "Mheshimiwa, sikumkataza, nilimwambia aje siku nyingine." Na hajavunja amri, kwa sababu amri haikutaja siku! Nimeona wanaume wazima wakilia kwenye benchi la nje kwa ajili ya maneno hayo mawili.

Basi yako iandikwe hivi. Itaje siku: kila Jumamosi, au Jumamosi mbili kwa mwezi, zikitajwa ni zipi. Itaje saa ya kumchukua na ya kumrudisha. Wewe unatoka Likoni, ukivuka feri na kushika gari la Kisauni huwezi kuapa utafika saa mbili asubuhi, kwa hiyo usikubali saa mbili kwa furaha ya kukubaliwa. Omba saa nne mpaka saa kumi na moja jioni, na iandikwe kwamba ukichelewa utatuma ujumbe na utasubiriwa muda fulani. Itaje mahali pa kukabidhiana, na kama mjomba ana mdomo basi pasiwe nyumbani kwao. Nyumbani kwa shangazi mnayemwamini nyote wawili panatosha, au dukani kwa mtu mnayemjua. Itaje nani anaruhusiwa kumleta mtoto kama mama ana kazi. Siku ikiharibika kwa ugonjwa, iseme italipwa lini. Simu nayo iwekewe siku na saa, saa moja jioni kabla hajalala kweli. Idd na siku za kuzaliwa zigawanywe, mwaka huu kwako mwaka ujao kwake. Na usisahau shule na hospitali: iandikwe kwamba unapewa nakala ya ripoti ya shule, unaweza kuhudhuria mikutano ya wazazi, na mtoto akipelekwa hospitali unaarifiwa siku hiyo hiyo. Wazazi wengi wasiokaa na mtoto wanapigania Jumamosi peke yake, halafu miaka mitano baadaye hawajui mwalimu wake anaitwa nani.

Mawakili wengine watakuambia hakimu hapendi amri ndefu. Hakimu anachochoka nacho ni faili linalorudi kila mwezi.

Njia ya kufika huko haianzi na kesi. Anza ofisi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo anakoishi mtoto. Huduma yake hailipiwi. Atamwita mama, mtakaa mezani, na mkielewana mtaandika makubaliano ya wajibu wa wazazi, nyote mtie sahihi. Kisha yapelekeni mahakamani yakubaliwe kuwa amri, maana karatasi ya ofisini peke yake ikivunjwa haina makali. Mama akikataa kuja, fungua shauri Mahakama ya Watoto, ambayo kwa kisiwa chetu iko Tononoka. Huko pia unaweza kupelekwa kwenye upatanishi wa mahakama kabla ya kusikizwa, na usiuone kama kupotezewa muda, hapo ndipo nimeona amri nzuri zikizaliwa, kwa sababu wazazi wenyewe wanajua mtoto analala saa ngapi. Kama huna wakili, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na hapa mjini Kituo cha Sheria wamezoea watu wa kipato chako.

Chapisha taarifa yako ya M-Pesa inayoonyesha pesa ulizotuma. Na uache kufika pale kwao bila kuitwa. Kila ukipiga kelele mlangoni unaandika hati ya kiapo ya mwenzako.

*Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka minane. Nilipoachwa alikuwa na miaka mitatu. Sikuwa na kazi, nikaenda Saudia, mtoto nikamwacha Majengo kwa mama yake baba, kwa makubaliano ya mdomo. Kila mwezi nilituma pesa. Baba yake yuko Nairobi na mke mwingine, huja mara moja moja. Sasa nimerudi, nimepanga vyumba viwili Tudor, nina kibanda cha kushona. Bibi anasema nilipopanda ndege niliuacha ulezi, na kwamba mtoto akifika miaka saba ni wa baba kwa dini yetu. Ananiruhusu nikae naye sebuleni tu, yeye akiwapo. Niende kwa kadhi au kortini? Dada zangu wanasema nimchukue tu akitoka madrasa. (Mama Aliyerudi, Tudor)*

Waaleikum salaam, binti yangu. Hao dada zako usiwasikilize. Ukimkamata mtoto njiani akitoka madrasa, kesho yake bibi ndiye atakuwa mbele ya hakimu na wewe ndiye utakuwa unajieleza. Mtoto naye atabaki na woga wa kila gari linalosimama karibu yake.

Tuanze na bibi na dini. Bibi amechukua nusu ya maneno. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu pwani hii, mama ndiye wa kwanza kwenye hadhana, yaani ulezi wa mtoto mdogo, na akifika umri wa kupambanua mambo, kwa kawaida miaka saba au karibu yake, mtoto mwenyewe hupewa hiari kati ya baba na mama. Hiari ni ya mtoto. Na hata akimchagua baba, mama hazuiwi kuonana na mwanawe. Kama hukuolewa tena, hoja ya ndoa mpya haikuhusu. Kuhusu kuondoka, wewe ulikwenda kutafuta riziki ya mtoto yule yule, na risiti unazo. Zaidi ya hapo muulize shekhe, mimi si mwanachuoni.

Kadhi au korti? Kadhi ana kazi yake kwa talaka yenu, eda, mahari na haki zako za ndoa. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa uwezo wa kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kwenda kwake. Ulezi na matunzo ya mtoto, Sheria ya Watoto imeyaweka mikononi mwa Mahakama ya Watoto. Watu wameshinda kwa kadhi halafu wakajikuta Mahakama Kuu wakibishania kama kadhi alikuwa na uwezo wa kusikiza suala la mtoto, na wakati wanabishana mtoto anazidi kukua. Nenda Tononoka. Hutaiacha dini yako mlangoni: hakimu anapoamua ulezi anatakiwa pia kuangalia dini ya mtoto na mila za jamii yake, kwa hiyo hoja ya hadhana unaweza kuitoa mbele yake.

Bibi hana dai lililo juu yako. Wenye wajibu sawa kisheria ni wewe na baba. Bibi angekuwa na nguvu kama angekuwa na amri ya mahakama mkononi, na kwa barua yako hana. Lakini usijidanganye kwamba kwa sababu hiyo hakimu atampakia mtoto kwenye gari lako wiki hiyo hiyo. Mtoto ameishi pale Majengo kwa miaka mitano. Shule yake iko pale, madrasa iko pale, rafiki zake wa mpira wako pale, na mwenye kumpangusa makamasi alikuwa yule bibi. Masilahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, Katiba imesema hivyo, na kutomng'oa ghafla ni sehemu ya masilahi yake. Hakimu atamwagiza afisa wa watoto aende nyumba zote mbili aandike ripoti. Pia mtoto wa miaka minane ana akili ya kuulizwa, na anaweza kuulizwa ofisini kwa hakimu bila watu wazima kumkodolea macho. Usimfundishe cha kusema. Mahakimu wanajua maneno ya kukaririshwa, yanakuja na sauti ya mtu mzima.

Kwa hiyo omba kwa hatua, na hatua zenyewe ziwe na tarehe. Mwezi wa kwanza, siku mbili kwa wiki baada ya shule, nje ya sebule ya bibi. Kisha Ijumaa jioni mpaka Jumapili alasiri, alale Tudor. Kisha likizo ya Aprili nusu, ya Agosti nusu. Mwisho wa mwaka mrudi mahakamani kuangalia kama ahamie kwako moja kwa moja kabla ya muhula mpya wa shule. Kutoka Majengo mpaka Tudor si safari, anaweza kubaki shule ile ile, na hilo liseme mapema kwa sababu linamtuliza hakimu na linamtuliza bibi. Bibi naye mpe siku zake kwenye karatasi hiyo hiyo. Najua una uchungu naye. Mpe hata hivyo, mtoto atamtafuta.

Peleka risiti za pesa ulizotuma kutoka Saudia. Peleka simu yako yenye ujumbe wa sauti mliotumiana na mtoto miaka hiyo. Peleka mkataba wa nyumba. Na baba yake lazima atajwe kwenye shauri hata kama yuko Nairobi na hajali. Mashauri mengi ya aina hii huchelewa kwa sababu baba hakupelekewa hati.

*Mama Karani, mimi ndiye ninayekaa na watoto, wawili, huku Changamwe. Baba yao ana amri ya kuwaona kila Jumamosi na amri ya kulipa masurufu. Tangu Januari hajalipa shilingi. Nimemwambia asipolipa hawaoni. Sasa ananitisha kwamba nimedharau mahakama. Mimi au yeye? (Nimechoka, Changamwe)*

Nyote wawili, dada.

Naelewa hasira yako, karo haijilipi. Lakini kuonana na mzazi ni haki ya watoto, na haikatiwi tiketi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika Kifungu cha 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa jambo hilo linamdhuru. Hakuna mahali pameandikwa "isipokuwa hajalipa." Ukiwazuia, unampa sababu ya kuja kortini akiwa mlalamikaji badala ya mdaiwa, na wewe uliyekuwa na haki unaanza kujitetea.

Dai pesa kwa njia ya pesa. Rudi na namba ile ile ya faili, uombe aitwe aeleze kwa nini asifungwe kwa deni la matunzo. Akiwa ameajiriwa, omba mshahara ukatwe kabla haujamfikia. Nimeona watu waliokuwa "hawana kazi" wakilipa malimbikizo yote siku moja baada ya kusikia neno jela. Na akiwa kweli kazi imeisha, anatakiwa yeye mwenyewe aje kuomba kiwango kipunguzwe. Kunyamaza hakupunguzi deni.

Jambo moja tofauti. Kama sababu yako ya kweli si pesa, kama anawapiga, au anawarudisha akiwa amelewa, au mtoto amesema jambo lililokutia hofu, usingoje Jumamosi. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo, ripoti polisi, uende kortini siku inayofuata kuomba aonane nao mbele ya msimamizi au asionane nao kwa muda. Ila uliseme kama lilivyo. Ukilificha ndani ya malalamiko ya masurufu, litasomwa kama masurufu.

*Naishi Bamburi. Mama wa mwanangu amepata kazi Nairobi na anahama naye mwezi ujao. Amri yangu inasema kila Jumapili. Naweza kumzuia? (Baba wa Jumapili)*

Kumzuia asifanye kazi, hapana, wala usiombe hivyo. Unachoweza kuomba, na uombe kabla hajaondoka, ni amri yako ibadilishwe, kwa sababu Jumapili ya Bamburi haitekelezeki mtoto akiwa Nairobi. Badilisha Jumapili zako kwa likizo: Aprili, Agosti, na nusu ya Desemba, pamoja na simu ya video siku zilizotajwa. Ikiwa una hofu kwamba atavuka naye mpaka kwenda nchi nyingine, hilo ni ombi la pekee, omba mtoto asitolewe nchini bila idhini ya mahakama, na uliombe sasa, maana akishatoka kumrudisha ni kazi nyingine kabisa.

Mtoto atakuja kwa treni mpaka Miritini. Amri itaje nani anampandisha Nairobi, nani anampokea, na nauli ni ya nani.